Rafu ya Wasiorudi

Fundi viatu alitoka mara moja tu, kwenda kununua gundi. Msije mkafikiri alikwenda kutafuta balaa. Gundi imekwisha, duka liko kona ya pili, anakwenda, anarudi. Labda dakika kumi, labda ishirini, maana mwenye duka lile ana maneno. Ukimsalimia tu, umekwisha. Akafunga mlango kwa kufuli, akalivuta mara mbili kama kawaida yake, ufunguo mfukoni, huyoo akaenda zake.

Aliporudi jua lilikuwa limebaki ukucha. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa nzima, na matope ya mtaa ule yalikuwa yanavua watu viatu. Kufuli lilikuwa palepale, limefungwa vilevile. Akalifungua, akasukuma mlango kwa bega.

Ndani palikuwa na mtu ameketi.

Bibi kizee. Mwembamba, amejitanda kitambaa cheusi mpaka kwenye nyusi, amekaa kwenye kigoda cha wateja, mikono magotini. Chumba kile kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, kidogo kiasi kwamba fundi mwenyewe akiinuka bila kufikiri anagonga kichwa. Hakina dirisha. Hakina mlango wa pili. Na kilikuwa kinanuka ngozi iliyolowa ikavundia mahali pasipo na hewa, harufu ambayo hakuiacha humo alipotoka.

"Shikamoo, bibi," fundi alisema. Ulimi ulitangulia, woga ukafuata nyuma. Ndiyo malezi hayo.

Bibi hakuitika.

Sijui kama mmewahi kumwamkia mzee akanyamaza. Shikamoo yako inabaki hewani, haina pa kutua. Fundi alisimama na kopo lake la gundi mkononi, nywele za shingoni zinamsisimka.

"Umeingiaje, bibi?"

"Mlango ulikuwa wazi," bibi alinong'ona.

Haukuwa wazi.

Fundi viatu, kama mnavyojua, humtazama mtu kuanzia chini. Bibi hakuwa na viatu. Nje kulikuwa na matope ya kufika kwenye vifundo, lakini miguu yake ilikuwa mikavu. Alikuwa amekunja mguu mmoja juu ya mwingine, na wayo ulionekana. Laini. Hauna ufa, hauna sugu, hauna hata mstari. Bibi wa miaka themanini, wayo kama wa mtoto ambaye bado anabebwa.

"Nimeleta viatu," alisema. "Soli zimekwisha. Nitavifuata kesho, saa kama hizi."

"Vya nani, bibi?"

"Vya mwenyewe."

Akaweka mfuko mezani. Fundi akainama kuwasha taa. Alipoinua kichwa, kigoda kilikuwa kitupu. Hakusikia mlango. Na sakafuni, kwenye matope, kulikuwa na nyayo za mtu mmoja tu.

Zake mwenyewe.

Sasa hapa lazima niwaambie huyu fundi alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo hamtaelewa alichokuja kufanya. Alikuwa mcheshi. Mjane, ana binti mmoja tu, ambaye alimlea kwa msaada wa dada yake mkubwa aliyekuja kukaa wiki mbili za matanga na hakuondoka tena. Na alikuwa na kipaji kimoja kilichomletea wateja kuliko hata mikono yake: alisoma soli. Ukimpa kiatu, anakigeuza, anakuambia. Wewe unasimama sana, kazi yako ya kaunta. Wewe unatembea haraka ukienda na polepole ukirudi, nyumbani kuna nini? Watu wanacheka, wanaona aibu, wanarudi tena.

Dada yake alikuwa akimtania. "Si unaona, mdogo wangu? Limeandikwa mpaka chini ya kiatu. Binadamu hachagui kitu."

"Kama lingekuwa limeandikwa," fundi alikuwa akijibu, "ningelisoma kabla mtu hajatembea. Mimi nasoma baada. Mtu anatembea kwanza, dada. Anachagua njia, soli inafuata."

Hilo ndilo alilokuwa akiliamini, na alimlea binti yake kwa imani hiyo. Binti akasoma, akawa mwalimu, na wiki ile alikuwa amepata shule ng'ambo ya mto, safari ya siku nzima. Angeondoka Jumapili. Leo ni Ijumaa.

Fundi akafungua mfuko.

Viatu vya kike. Vya kahawia, vya chini, vina mkanda mmoja na kifungo cha chuma pembeni. Vimechakaa. Alivitazama kwa muda mrefu bila kuvigusa, kwa sababu alikuwa amevitengeneza yeye. Juzi. Kama zawadi ya binti yake ya kwenda kazini. Viatu hivyo vilikuwa nyumbani, ndani ya boksi, havijawahi kukanyaga hata sakafu ya sebule.

"Vimefanana tu," alijiambia kwa sauti. Akachukua kisu, akainua soli ya ndani ya kiatu cha kulia.

Mishono mitatu ya uzi mwekundu. Alama yake. Hakuwahi kumwekea mtu mwingine yeyote.

Lakini mazoea ni mazoea: akavigeuza. Akasoma.

Mguu wa kulia umekanyagiwa upande wa nje. Binti yake hutembea hivyo, tangu alipoanguka kwenye ngazi akiwa darasa la tatu. Kwenye mishono, vumbi jeupe... chaki. Chini ya chaki, udongo mwekundu. Wa mtaa huu ni mweusi. Mtu huyu ametembea sana, amesimama sana, amepanda ngazi za mawe. Fundi akapima unene wa soli kwa kidole gumba. Miezi minne. Ikizidi, ni kwa siku chache.

Kisha akaona ncha.

Ncha za soli zote mbili zilikuwa zimelika, mpaka uzi umekatika. Kutembea hakuli hivyo. Kuanguka hakuli hivyo. Ncha hulika hivyo mtu akiburutwa kifudifudi, ameshikwa makwapani, miguu inafuata nyuma. Anaburutwa mbali. Juu ya mawe.

Baada ya hapo soli hazikuwa na alama nyingine.

Alifika nyumbani anahema, matope mpaka magotini. Hakusalimia mtu. Akaingia chumbani kwa binti yake, akavuta boksi chini ya kitanda. Viatu vilikuwemo. Vipya, vinanuka gundi, soli safi kama alivyozikata. Akachuchumaa pale sakafuni akalia kimyakimya, halafu akajifuta na mkono wa shati kabla binti hajaingia.

"Baba? Unatafuta nini?"

"Mwanangu, usiende."

Binti akacheka. "Si ulicheza barua ilipokuja? Majirani wote walikuona."

"Nimebadili mawazo. Kule... mto ule mbaya. Kaa hapa. Kazi zipo hapa pia."

"Zipo wapi?" Akamtazama vizuri, akaacha kucheka. "Baba, kuna nini?"

Angemwambia nini? Kwamba ameshika mkononi kiatu chake cha kufia? Fundi akarudisha boksi chini ya kitanda. "Nakuomba tu."

"Mwaka mzima nimeitafuta kazi hii. Wewe ndiye uliyeniambia mtu anatembea kwanza. Sasa ndiyo nataka kutembea, unanikamata mguu?"

Shangazi mtu alikuwa mlangoni, anakunja nguo za safari. "Mwache mtoto aende. Siku ya mtu ikifika, hata ajifungie kabatini, itamfungulia kabati."

"Nyamaza, dada!" fundi alipiga kelele. Hakuwahi kumpigia dada yake kelele maisha yake yote.

Jumamosi alifika kazini mapema, akajifungia. Alikuwa amefikiri usiku kucha, na alikuwa amefikiri kama fundi. Kiatu kilichochakaa kinafanywaje? Kinatengenezwa. Kama miezi minne imo ndani ya soli, basi soli zing'olewe, ziwekwe mpya, mtu apate mwendo mpya. Na huyo bibi, awe jini, awe mchawi, awe kitu gani, si ndicho alichoomba mwenyewe? Soli zimekwisha, alisema. Akachagua ngozi nzuri kuliko zote, ile aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya kazi ya maana. Akang'oa, akakata, akashona kwa mkono. Sindano ilimchoma mara tatu, naye si mtu wa kuchomwa na sindano. Saa nane mchana viatu vya kahawia vilikuwa na soli mpya kabisa.

Zile za zamani zikabaki mezani.

Alikuwa na jiko dogo la mkaa la kupashia chuma. Akazitupa motoni. Zikaanza kujikunja. Hazikutoa harufu ya ngozi kuungua... zilitoa harufu ya nywele. Kabla moshi haujafika darini, simu ikaita.

"Njoo!" Dada yake, analia. "Njoo mbio! Mtoto anapiga mayowe, anasema miguu inamuungua! Nyayo zinavimba malengelenge, na wala hajagusa kitu!"

Fundi aliingiza mkono motoni. Koleo lilikuwa pembeni yake, hakulikumbuka. Akazitoa soli, akazimwagia ndoo nzima ya maji, akazikumbatia kifuani zinafuka.

"Imekuwaje?" alinong'ona kwenye simu. "Dada... imekuwaje?"

Kisha sauti ya dada yake, ndogo, ya kushangaa. "Maumivu yameacha, malengelenge yamenywea. Mara moja hivi. Mdogo wangu, hiki ni kitu gani?"

Akakata simu.

Basi, zisichomwe. Zitupwe? Mbwa azitafune? Mvua izioze? Alizitazama soli zile mbili zilizolowa na akaelewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba popote zitakapokwenda binti yake yumo humo ndani, mpaka zipate mguu mwingine. Soli haina kazi nyingine duniani. Inataka mguu.

Na hapo akainua macho, akaiona rafu.

Kila fundi viatu ana rafu ile. Viatu vilivyoletwa, vikatengenezwa, na mwenyewe hakurudi. Kahama, kasahau, kafa, nani ajuaye. Fundi hauzi wala hatupi, maana siku atakayotupa ndiyo siku mwenyewe atatokea na fujo. Yeye aliita rafu yake Rafu ya Wasiorudi, na wateja walikuwa wakicheka. Juu kabisa, nyuma ya kila kitu, kulikuwa na viatu vyeusi vya kike, vumbi tupu, zaidi ya miaka mitatu. Vilikuwa na kipimo kilekile.

Mnaona alivyofikiri? Mguu usiokuwepo. Azishone kwenye viatu ambavyo hakuna atakayevivaa, avirudishe kule juu, vikae mpaka yeye mwenyewe azikwe. Hamdhuru mtu. Binti anapona. Alikaribia kucheka. Ni fundi viatu tu anayeweza kuamini kwamba vitu vya rafu ile havina mwenyewe.

Akashona.

Alipofunga fundo la mwisho, alisikia harufu ya ngozi iliyovunda. Jua lilikuwa limeshuka. Bibi alikuwa kwenye kigoda.

Fundi hakumwamkia safari hii. Akamsogezea viatu vya kahawia. Bibi akapitisha kidole kwenye mishono, taratibu.

"Umeshona vizuri," alinong'ona. "Na zile za zamani?"

"Nimetupa."

"Wewe hutupi kitu." Akageuza shingo, akaitazama rafu, juu kabisa, nyuma ya kila kitu. Akaitazama kwa muda. "Haya. Umeshachagua."

"Nimechagua nini? Bibi! Nimechagua nini?"

Bibi alikuwa ameshatoka, mlango uko wazi bila kufunguliwa, na safari hii fundi alimwona: ng'ambo ya barabara, chini ya taa ambayo ilikuwa bado haijawaka, amesimama na mfuko wake. Haondoki. Kama mtu anayesubiri kitu kingine.

"Hodi, fundi! Upo?"

Msichana alikuwa mlangoni. Miaka ishirini na kitu, mwembamba, uso unang'aa jasho kama aliyetoka kufanya kazi nzito, na anacheka peke yake.

"Karibu," fundi alisema.

"Hunikumbuki. Utanikumbuka wapi, miaka mitatu! Nilileta viatu vyeusi, nikasema nitavifuata jioni." Akashika mwimo wa mlango, akapumzika. "Jioni ileile gari likanigonga. Uti wa mgongo. Madaktari wakamwambia mama, huyu hatatembea tena, ndiyo bahati yake, mtafutie kiti. Mimi nikasema sikubali. Mwaka wa kwanza nikajifunza kukaa. Wa pili kusimama. Nimeanguka, fundi, mpaka mama akawa analia kuliko mimi. Nikamwambia, mama, siku nitakayotembea mwenyewe bila fimbo, nakwenda kwa fundi kufuata viatu vyangu." Akaachia mwimo, akanyoosha mikono pembeni kama mtoto. "Nimetoka nyumbani, mtaa wa pili, kwa miguu. Peke yangu! Niambie hujavitupa."

Fundi alifungua mdomo.

Vimepotea. Neno moja tu. Fundi gani hajawahi kulisema? Mafundi hulisema kila siku, wala hawapepesi macho. Lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Au aseme, nipe nusu saa, niking'oe kitu hapa. Lakini aking'oa zinakwenda wapi? Aliona malengelenge kwenye nyayo za mtoto wake. Aliona ncha zile. Ng'ambo ya barabara bibi alikuwa ameinua uso, anamtazama yeye, hamtazami msichana. Hakumlazimisha. Sitaki mseme kesho kwamba alilazimishwa. Mkono wake ulikuwa wake.

Akapanda kwenye kigoda, akavitoa.

"Jamani!" Msichana alipiga makofi. "Hata soli umeniwekea?"

"Zilikuwa zimechoka," fundi alisema.

"Mungu akubariki. Kweli kabisa, Mungu akubariki na uzao wako." Akaketi, akavivaa, akainuka kwa kushika meza. Akatembea mpaka mlangoni. Akageuka, akarudi.

Mguu wa kulia ulikuwa unalalia upande wa nje.

"Kinanivuta kidogo hiki," alisema, anacheka. "Au ni mimi bado sijawa sawa?"

"Mguu utazoea," fundi alimjibu.

Alimwangalia akiondoka, hatua kwa hatua, mikono imenyooka pembeni. Aliposhika kona, fundi akatazama ng'ambo. Chini ya taa hapakuwa na mtu.

Jumapili asubuhi alikuwa sebuleni aliposikia mtu anashuka ngazi. Akafikiri ni jirani. Miaka na miaka amezijua hatua za binti yake, nzito moja nyepesi moja, na hizi hazikuwa zake. Lakini aliyetokea alikuwa yeye, na boksi tupu kwapani, viatu vya kahawia miguuni, anatembea wima kama mtu aliyenyooshwa kwa rula.

"Baba, umevifanya nini hivi? Mguu hauniumi kabisa!" Akamkumbatia. "Ulitaka nisiende, eti."

Fundi akamshika kwa nguvu kuliko ilivyofaa. Alikuwa na furaha, nawaambia kweli, furaha ya kutaka kupiga magoti. Na ndani ya furaha hiyo alikuwa anahesabu. Miezi minne.

Alihesabu kila siku. Mwezi wa kwanza binti alipiga simu kueleza wanafunzi walivyo watundu. Wa pili, alivyozoea ngazi za mawe za kwenda shuleni. Wa tatu, kuna mwalimu mwenzake wa kiume, mpole, baba utampenda. Fundi alisema vizuri, mwanangu, vizuri. Wateja wakaona amebadilika. Wakimpa kiatu, anakipokea kimya, hakigeuzi mbele yao. "Fundi, nisomee!" wanamtania. "Macho yameharibika," anajibu. Mara mbili alikwenda mtaa wa pili kumtafuta msichana mwenye viatu vyeusi. Mara mbili alifika kona, akarudi. Angemwambia avivue, halafu? Kila akifika kwenye hilo "halafu," miguu yake ilikuwa inageuka yenyewe.

Mwezi wa nne ukatimia, zikapita siku sita. Binti yake akapiga simu asubuhi hiyo. Alikuwa mzima, anapiga mswaki huku anaongea.

Jioni mama mmoja akapiga hodi.

Alikuwa mama wa makamo, macho yamevimba, mfuko mkononi. Fundi alijua kabla hajaketi. Akamwekea kigoda, yeye mwenyewe akaketi sakafuni, kwenye vipande vya ngozi.

"Wewe ndiye fundi," mama alisema. "Mwanangu alikusema sana. Alikuwa akiwaambia watu, yuko fundi mmoja alinitunzia viatu miaka mitatu." Akavitoa, akavipakata. "Tulimzika juzi."

"Pole, mama," fundi alisema. "Pole sana."

"Tangu avichukue alianza kutembea upande. Nikamwambia vivue. Akasema mama, nimevipigania hivi. Siku ile ya mwisho, magharibi, akasema anashuka mtoni mara moja, anarudi." Akavipapasa viatu mapajani. "Walimkuta kwenye mawe. Kifudifudi. Wanasema aliburutwa, tena mbali. Mchanga wote unaonyesha miguu yake ilivyoburuzwa. Lakini za aliyemburuta... fundi, hakuna nyayo nyingine. Ni za mwanangu tu."

Harufu ya ngozi iliyovunda ilikuwa imejaa chumbani. Sijui kama mama aliisikia.

"Watu wananiambia wewe husoma soli. Nisomee. Nataka kujua mwanangu alikutwa na nini."

Akampa. Fundi akavigeuza chini ya taa. Chaki kwenye mishono, japo msichana yule hakuwahi kushika chaki. Udongo mwekundu. Ncha zimelika, uzi umekatika. Akapima unene kwa kidole gumba, akapima tena, jasho likimtiririka. Miezi minne msichana ametembea juu yake, kila siku, na soli hazikupungua hata unywele. Zilikuwa vilevile kama jioni ile ya kwanza, kana kwamba zilikuwa za msichana yule tangu mwanzo na bibi alikuwa anatafuta tu mkono wa kumvika. Au kana kwamba hazikuwa za mtu yeyote mpaka fundi aliposhika sindano. Alizigeuza, akazigeuza. Hazikumwambia.

"Niambie kweli," mama alisema. "Alipigana sana yule mtoto. Madaktari walisema hatatembea, akatembea. Sasa mimi silali, najiuliza. Ningemvua kwa nguvu angepona? Kuna mtu alimfanyia? Au ndivyo alivyoandikiwa, na sisi tulikuwa tunajisumbua bure?"

Mezani simu ilikuwa inaita. Fundi aliona jina la mwanawe likiwaka kwenye kioo, likazima.

"Aliandikiwa, mama," alisema. "Hakuna mtu aliyemfanyia. Siku yake ilikuwa imefika."

Mama alifumba macho. Mabega yake yakashuka taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alipumua mpaka mwisho. Alilia kidogo, akajifuta, akainuka. Viatu akaviacha mikononi mwa fundi. Alisema hawezi kukaa navyo nyumba moja.

Mlangoni akageuka.

"Una mtoto, fundi?"

"Ninaye mmoja."

Mama akarudi, akamwekea kiganja kichwani pale alipoketi, kama mtu anavyombariki mwanawe wa kumzaa.

"Mungu akuachie," alisema.